Aimbaye nyimbo za wakongwe na awataje wenyewe

Katika miji ya Kitale na Bungoma, na katika vituo vilivyo kati yake kama vile Kiminini, Kimilili na Webuye, ipo kazi ambayo hadi leo haijapewa jina katika lugha yetu. Ni kazi ya kijana, mara nyingi aliye peke yake na gitaa au kinanda cha umeme, ambaye hujipatia riziki kwa kuimba nyimbo za watu wengine, aghalabu watu waliokwisha kuaga dunia. Ijumaa usiku huwa katika ukumbi wa hoteli. Jumamosi mchana huwa arusini. Na pengine katikati ya juma huitwa matangani kuwaliwaza wafiwa. Wateja wake hawamwombi wimbo wake mwenyewe. Humwomba Franco, humwomba Daudi Kabaka, humwomba Jim Reeves. Naye, akitaka kula, hutoa alichoombwa.

Makala haya yanakusudia kuitetea kazi hiyo na papo hapo kuikumbusha deni lake. Ninashikilia kwamba kuimba nyimbo za waliotangulia ni kazi halali, yenye manufaa na heshima, mradi mwimbaji atimize sharti moja: amtaje aliyeutunga wimbo, kila mara, mbele ya hadhira, kabla hajaugusa uzi wa kwanza wa gitaa. Sharti hilo likipuuzwa, heshima ya kazi huporomoka, na riziki nayo haichelewi kuifuata.

Mimi ni mtu wa isimu, na msomaji ataniwia radhi nikianza na maneno kabla ya muziki. Wanaoifanya kazi hii husema kwamba "wanapiga kopi". Wasiowapenda huwaita "waigaji". Sasa tazama jinsi lugha ilivyo na hila. Kitenzi "iga" hutupa nomino "mwigaji", na katika vinywa vya wengi nomino hiyo inakaribia kuwa tusi. Ni jina la mtu asiye na lake, kama yule anayeonywa na wahenga asiige kunya kwa tembo. Lakini kiongezee kitenzi hicho hicho kiambishi cha usababishi upate "igiza", na nomino yake "mwigizaji" hubeba staha. Mwigizaji ni msanii wa jukwaani. Hutajwa magazetini, hupewa tuzo, na hakuna anayemlaumu kwa kuvaa taji lisilo lake.

Je, silabi moja imewezaje kumtoa mtu katika dharau na kumtia katika sanaa? Jawabu, kwa maoni yangu, ni uwazi. Watazamaji wa mchezo wanajua kwamba aliye mbele yao si mfalme, na mwigizaji mwenyewe hawadanganyi. Jina la mhusika na jina la mchezaji huandikwa bega kwa bega katika ratiba ya mchezo. Mwigaji hudhaniwa kuwa anaficha alikokitoa kitu chake. Basi yule kijana wa Kitale hahitaji kubadilisha kazi ili apate heshima ya mwigizaji. Anahitaji tu kuacha kuficha.

Kipo kitenzi kingine kinachofaa zaidi, nacho ni "enzi", yaani kumpa mtu utukufu anaostahili. Vyombo vyetu vya habari hukitumia kila msanii anapofariki, yanapotangazwa matamasha ya kumuenzi. Ila tukijaribu kuunda jina la mtendaji kutokana na kitenzi hicho, kanuni za sauti za Kiswahili zitatupa "mwenzi", neno ambalo tayari lina maana yake ya rafiki na mshirika. Mizizi hii miwili haina nasaba moja: mmoja umetokana na Kiarabu, mwingine ni wa Kibantu tangu asili. Kwa ajili ya kuepuka utata nitamwita mtu huyu "mwimbaji wa kuenzi", hadi atakapotokea mwenye ufundi zaidi atuundie neno lililo bora.

Watu huuliza: kwa nini kijana mwenye sauti nzuri na vidole vyepesi asitunge nyimbo zake mwenyewe? Swali hilo hudhania kwamba utunzi na uigaji ni njia mbili zisizokutana. Historia ya muziki wetu yasema vingine. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika aliyekuwa na makao yake Afrika Kusini, alimrekodi Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, nchini Kongo. Santuri za Mwenda zilienea Afrika Mashariki, na kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Magharibi mwa Kenya kilizisikiliza na kuzifuatisha kwa vidole. Kutokana na mazoezi ya namna hiyo, yaliyochanganywa na midundo ya nyumbani, ulikua mtindo uitwao omutibo, ambao bingwa wake aliyevuma zaidi alikuwa George Mukabi wa Kisa, sehemu iliyo leo katika Kaunti ya Kakamega. Hakuna anayethubutu kumwita Mukabi mwigaji. Hata hivyo, hakuna mpiga gitaa wa zama zake aliyejifunza akiwa amejifungia chumbani bila kusikia gitaa la mwingine.

Mfano wa kale zaidi watoka kwa majirani zetu Wakipsigis. Mwaka wa 1950 Tracey huyo huyo alifika Kapkatet, upande wa Kericho, akarekodi nyimbo zilizoitwa "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika huko ikiwa ndani ya santuri. Kikipsigis hakitofautishi sauti j na ch, na kwa hivyo Jimmie akawa Chemi, na Rodgers akawa rocha. Katika wimbo mmoja ulioimbwa na wasichana, mgeni huyo aliyesikika bila kuonekana alifikiriwa kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa.

Wengi huisimulia habari hiyo kwa kicheko. Mimi huiona kuwa somo la adabu. Wasichana wale hawakujua sura ya Rodgers, hawakujua lugha yake wala nchi yake, lakini jina lake waliliweka katikati ya wimbo. Waliligeuza, walilipa matamshi ya kwao, wala hawakulitupa. Ndiyo maana leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, tunaweza kuifuata njia ya sauti ile kutoka Marekani hadi Kapkatet. Laiti wangeimba bila kutaja, tusingejua lolote.

Tulinganishe hayo na yanayotendeka katika kumbi zetu. Mapenzi ya muziki wa kantri yamekita mizizi katika Bonde la Ufa na Magharibi kiasi kwamba mwimbaji wa hoteli ya Kitale asiyejua hata wimbo mmoja wa Jim Reeves au Don Williams atakuwa na usiku mgumu. Huko Nairobi, Elvis Otieno, ajulikanaye kama Sir Elvis, amejijengea sifa ya miaka mingi kwa kuimba kantri, na jina lake lenyewe alipewa na wazazi waliompenda Elvis Presley. Huo ni ushahidi kwamba mtu aweza kujenga maisha kwa kazi hii.

Walakini sikiliza jinsi wimbo unavyotambulishwa. Mwimbaji wa kawaida atasema, "Huu ni wa Jim Reeves," na hapo atadhani amemaliza wajibu. Chukua "Distant Drums". Reeves alifariki katika ajali ya ndege mnamo Julai 1964, na rekodi hiyo ikaongoza chati za Uingereza mwaka wa 1966, yeye akiwa kaburini. Lakini aliyeutunga ni mwanamke, Cindy Walker, aliyeishi hadi mwaka wa 2006. Ni wangapi kati ya wale wanaoufumbia macho wimbo huo kwa raha, bia mkononi, waliowahi kulisikia jina la Cindy Walker? Kumbe hata anayetaja anaweza kutaja nusu.

Hasara ya kutotaja tumeionja sisi wenyewe. Wimbo "Malaika" umeimbwa na Miriam Makeba, ukaimbwa na Boney M., ukaimbwa katika kila hoteli ya watalii kutoka Lamu hadi Kisumu. Mkenya Fadhili William aliurekodi na ukajulikana kwa jina lake. Huko Tanzania, Adam Salim alidai kwamba yeye ndiye mtunzi. Na mzozo huo umebaki mzozo. Wimbo wa Kiswahili uliosafiri mbali kuliko karibu nyimbo zote hauna baba anayekubaliwa na wote. Chukua pia "Helule Helule" wa Daudi Kabaka. Mwaka wa 1968 bendi ya Kiingereza iitwayo The Tremeloes iliurekodi upya ukapanda chati za Uingereza. Je, wangapi kati ya vijana wa London waliousakata walijua kwamba mwenyewe ni mtu mwenye asili ya Magharibi mwa Kenya? Tunapowalalamikia wageni kwa kutusahau, tujiulize kwanza kama sisi tunakumbukana.

Hapa msomaji atanikumbusha kwamba ipo sheria. Ni kweli. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 hulinda kazi ya muziki katika uhai wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa hesabu hiyo, nyimbo za Franco, aliyefariki mwaka wa 1989, zitalindwa hadi mwisho wa 2039. Za Kabaka na za Fadhili William, ambao wote wawili walifariki mwaka wa 2001, zitalindwa hadi mwisho wa 2051. Anayewaburudisha watu kwa nyimbo hizo katika ukumbi wa biashara anapaswa kuhakikisha kwamba ada imelipwa, na mara nyingi mzigo huo ni wa mwenye ukumbi kuliko wa mpiga gitaa. Tunacho Chama cha Hakimiliki za Muziki, MCSK, kilichoundwa mwaka wa 1983, na tunayo Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Kwamba mashirika hayo yamevutana kuhusu leseni, na kwamba wanamuziki wamelalamika miaka nenda miaka rudi juu ya kiasi cha fedha kinachowafikia, si siri kwa yeyote asomaye magazeti.

Lakini hata kama sheria ingetekelezwa bila dosari, isingetosha. George Mukabi alifariki mwaka wa 1963, angali kijana. Ulinzi wa nyimbo alizotunga ulikwisha mwisho wa mwaka wa 2013. Tangu hapo, mtu yeyote aweza kusimama Bungoma au Berlin akaziimba bila kumlipa mtu hata ndururu. Katika mwongo uliopita kampuni ya Olvido ya Marekani ilizitoa upya rekodi zake kwa santuri, na wapenzi wa gitaa wa nchi za mbali wakamjua. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, naye ameendelea kuupiga mtindo wa babake. Sasa kijana wa Webuye anapouimba wimbo wa Mukabi, hakuna wakili atakayemwandikia barua. Kitu pekee kinachobaki kati ya Mukabi na kusahauliwa ni ulimi wa mwimbaji. Sheria inapokoma, adabu ndiyo inayoendelea na kazi.

Na adabu hiyo haitoki ugenini. Wabukusu, ambao ni wenyeji wa Bungoma na wengi katika Trans Nzoia, wanayo desturi ya kumuse, ile hotuba adhimu inayotolewa baada ya mazishi ya mzee wa heshima. Mnenaji wa kumuse hutembea mbele ya waombolezaji akisimulia historia ya jamii, koo zake na mashujaa wake. Marehemu Manguliechi alipata sifa kote Magharibi kwa ubingwa wake katika sanaa hiyo. Ajabu ya kumuse ni kwamba mnenaji hadai kuwa ameyabuni anayoyasema. Nguvu yake yote imo katika kutaja: nani alimzaa nani, nani alisema nini, nani alitangulia. Akiondoa majina, habaki na hotuba. Hakuna msikilizaji anayemwita mwigaji kwa sababu ya kurudia maneno ya wazee. Wanamwita mwenye kujua.

Kwa hiyo mwimbaji wa kuenzi wa Bungoma hana haja ya kutafuta mfano ng'ambo. Anayo shule kwao nyumbani. Ajifunze kwa mnenaji wa kumuse namna ya kusimama mbele ya watu akasema: huu nilioutwaa ni wa fulani, wa mahali fulani, aliutunga kwa sababu fulani. Sentensi tatu zinatosha, na hazimwongezei gharama yoyote.

Kutaja huko kuna manufaa ya pili, ambayo yananihusu zaidi kama mtu wa lugha. Anayetaka kumtambulisha mtunzi hulazimika kuujua wimbo unasema nini. Vijana wetu wengi huimba Kilingala kwa sikio tu. Wameinasa milio, maana imewaponyoka. Wimbo "Mario" wa Franco, uliotoka mwaka wa 1985, ni masimulizi ya mwanamke anayelalamika juu ya kijana mwenye elimu anayeishi kwa kumnyonya mwanamke aliyemzidi umri na mali. Nimeusikia ukipigwa arusini, bwana na bibi arusi wakiucheza kwa furaha, na wazazi wa pande zote mbili wakiwatuza. Hapakuwa na nia mbaya. Palikuwa na wimbo usiotambulishwa. Kama mwimbaji angelazimika kueleza kwa maneno mawili huo ni wimbo wa nani na wa nini, bila shaka angeuweka kando hadi siku nyingine.

Hapo ndipo methali yetu "mcheza kwao hutuzwa" inapotukumbusha jambo jingine. Kutuza, katika desturi ya ngoma zetu, ni kuinuka kitini, kumwendea msanii na kumpa fedha mkononi au kumbandika noti kwenye paji la uso. Methali haisemi kwamba mcheza kwao ana ustadi kuliko mcheza ugenini. Yasema kwamba watu wa kwao wanakijua anachokifanya, na kwa sababu wanakijua, wanaweza kumpima na kumtunuku. Mwimbaji wa Bungoma akiimba Kilingala asichokielewa mbele ya watu wasiokielewa, hakuna awezaye kumpima. Atalinganishwa na santuri, na santuri itamshinda daima, maana Franco ni mmoja tu.

Lakini akiimba omutibo kwa vidole viwili, gumba likishika besi na kidole cha shahada kikicheza sauti ya juu, na mwenzake akigonga chupa ya Fanta kama walivyofanya Shem Tube na wenzake wa Abana ba Nasery wa Bunyore, basi yuko katika uwanja ambapo washindani ni wachache na wasikilizaji ni wajuzi. Akichukua litungu, ile ala ya nyuzi ya Wabukusu, akaziimba nyimbo za wapigaji waliotangulia, vilevile. Abana ba Nasery walitoa albamu huko Uingereza mwaka wa 1992 kwa muziki huo huo wa nyumbani. Ninawaambia vijana wanaotaka kuifanya kazi hii iwe ya maisha: wapeni wateja Jim Reeves wanapomtaka, kwa maana mteja ndiye anayelipa, lakini jengeni jina kwa kile ambacho wenzenu wa Nairobi hawawezi kukitoa.

Najua nitapingwa kwa hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba wateja hawataki mihadhara. Wamekuja kunywa na kucheza. Nami nakubali kwamba hotuba ya dakika tano itamfukuzia mwenye hoteli wateja. Lakini sizungumzii hotuba. Mtangazaji wa redio hutaja mwimbaji na wimbo kwa sekunde chache wala hakuna anayezima redio. Tena watu wa makamo, ambao ndio wenye fedha za kutuza, hupenda mno kukumbushwa. Ukitaja jina la Kabaka, atatokea mmoja mezani aseme alikuwa darasa gani wimbo huo ulipovuma, na jioni itakuwa imepata uhai mpya.

Hoja ya pili ni kwamba mwimbaji mwenyewe ni maskini; kwa nini adaiwe yeye, na matajiri wa muziki wanaachwa? Hii ni hoja nzito, nami siipuuzi. Anayelipwa kwa usiku mmoja, pengine akakatwa nauli na chakula, hawezi kubeba deni la taifa zima. Ndiyo maana nimedai kwake kitu asichohitaji fedha kukitoa. Ada ni ya mwenye ukumbi. Jina ni la mwimbaji. Kila mmoja alipe anachoweza.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba hadhira ikijua wimbo si wa kijana huyu, itamdharau. Mambo ni kinyume kabisa. Hadhira inajua tayari. Hakuna mtu mzima wa Kitale anayedhani kwamba kijana wa miaka 25 ndiye aliyetunga nyimbo alizocheza nazo miaka ya sabini. Anayenyamaza humfanya msikilizaji ajiulize kama anafichwa. Anayetaja huonyesha kwamba amesoma, ameuliza, na ana hazina kubwa kuliko ile iliyo kichwani mwake peke yake.

Yapo pia ya kufanywa na walio na mamlaka. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinafidiwa au zinalipwa pale utamaduni wao unapotumiwa. Sheria hiyo ilipatikana mwaka wa 2016, nayo inazipa serikali za kaunti wajibu wa kuweka sajili ya maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zina utajiri wa kuandikisha: nyimbo za tohara zinazoimbwa Agosti ya kila mwaka wa namba shufwa, nyimbo za litungu, kumuse, na nyimbo za Wasabaoti wa Mlima Elgon. Sajili yenye majina ya watunzi na waimbaji wa kila tarafa ingekuwa kitabu cha kiada kwa mwimbaji wa kuenzi, ambaye leo hana pa kuuliza isipokuwa kwa wazee wanaozidi kupungua.

Jumba la Makumbusho la Kitale, ambalo limo mikononi mwa taifa tangu miaka ya sabini na ambalo uani mwake mna nyumba za jadi za jamii zetu, lingeweza kuwa na siku moja kila mwaka ya nyimbo za wakongwe, ambapo sharti la kupanda jukwaani liwe ni kujua wimbo ulitoka kwa nani. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko hapo hapo Bungoma. Wanafunzi wake wa lugha na wa elimu wangeweza kutumwa vijijini na vinasa sauti badala ya kuandika tasnifu kwa kunakili tasnifu nyingine. Na wenye hoteli, ambao hujaza viti kwa nguvu za vidole vya vijana hawa, wangeanza kwa jambo dogo: kuandika kwenye bango la Ijumaa jina la mwimbaji, na chini yake majina ya wale atakaowaenzi.

Kwa kijana mwenyewe ushauri wangu ni mfupi. Chagua watunzi watatu au wanne uwajue barabara, kuliko kujua nyimbo mia moja zisizo na wenyewe. Nunua daftari, na kwa kila wimbo andika jina la aliyeutunga, alikozaliwa, mwaka wa rekodi, lugha, na maana. Palipo na neno usilolielewa, tafuta mzee au mwalimu akueleze kabla hujalitamka mbele ya watu. Kama mtunzi ana jamaa walio hai na unaweza kuwafikia, wapelekee salamu uwaambie unaziimba nyimbo za mtu wao. Mara nyingi watakupa habari ambazo hakuna santuri iliyozibeba. Patana malipo kabla ya kupanda jukwaani, na mwulize mwenye ukumbi kama amelipia leseni, maana swali hilo likiulizwa na waimbaji wote wa mji mmoja, litapata jibu.

Nilisema mwanzoni kwamba kazi hii haina jina, na kwamba kitenzi "enzi" kinakataa kutupa jina la mtendaji bila kugongana na "mwenzi". Huenda ajali hiyo ya sauti isiwe hasara kubwa. Anayeuimba wimbo wa marehemu akamtaja kwa heshima hutembea naye, humwendeleza safari pale alipoishia. Na anayeuimba akanyamaza, huyo ametwaa fimbo ya mzee na kumwacha njiani. Waimbaji wa Kitale na Bungoma wanayo nafasi ya kuchagua kila Ijumaa jioni, kabla ya uzi wa kwanza kulia.